Kwa nini wanarudi palepale angani?

Swali: "Shikamoo Dokta. Mimi ni kijana wa Kibirizi, hapa Kigoma, navua dagaa na kaka zangu. Fizikia niliishia kidato cha nne lakini bado naipenda. Nimesoma kwenye simu kwamba kuna vipande vidogo vya anga ambavyo wanaastronomia wamevipiga picha kwa darubini ya Hubble, wakaja na darubini ya eksirei, ya infraredi, ya redio, na sasa James Webb, palepale, zaidi ya miaka ishirini. Anga lote lile, kwa nini wasihamie kwingine? Na wanajuaje kwamba galaksi zinakua, wakati hakuna mtu aliyeishi miaka bilioni akaziona zikikua?"

Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza maswali mawili, ila la pili ndilo lililolizaa la kwanza, kwa hiyo nianze na mzazi.

Nuru hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde. Ikitoka mwezini inakufikia kwa sekunde moja na ushei, ikitoka kwenye jua dakika nane, ikitoka Andromeda, galaksi kubwa (yaani mkusanyiko wa mabilioni ya nyota) iliyo jirani yetu, miaka milioni 2.5. Ukitazama mbali unatazama zamani. Hilo umeshalisikia, lakini kuna kisa cha hukohuko kwenu kinacholieleza vizuri kuliko hesabu. Stanley alipoingia Ujiji mwaka 1871 alikuwa amebeba mfuko wa barua alizoandikiwa Livingstone. Mfuko ulikuwa umeandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Ulitoka pwani na msafara, ukakwama Unyanyembe, pale Tabora, mpaka Stanley alipoukuta na kuuchukua. Mzee akafungua, akasoma habari za wanawe, habari zenye umri wa mwaka mzima. Kama siku hiyohiyo angeletewa na barua ya mfanyabiashara wa Unyanyembe, hiyo ingekuwa na wiki chache tu. Barua mbili zimefika siku moja, umri wake mbalimbali, kwa sababu tu zimetoka umbali mbalimbali. Anga la usiku ndio mfuko huo. Barua zote zinafika leo na hakuna hata moja iliyoandikwa leo.

Tatizo ni kwamba kila barua ina mwandishi wake. Galaksi ninayoiona jinsi ilivyokuwa miaka bilioni 10 iliyopita si hii ya jirani ninayoiona karibu ilivyo sasa. Kijana ni mwingine, mzee ni mwingine. Sitaona hata moja ikikua, wala mjukuu wangu hataona.

Kwa hiyo tunafanya sensa. Unakumbuka ya Agosti 2022, makarani walivyopita na vishikwambi wakiuliza nani alilala humu usiku wa kuamkia tarehe 23? Hakuna karani aliyekaa na mtoto mmoja wa Kasulu miaka sitini amwone akizeeka. Lakini ukishahesabu kaya za kutosha, zenye vichanga, vijana na wazee, jedwali lenyewe linakuonyesha maisha yanavyokwenda: umri wa kuanza shule, umri wa kuoa, umri ambao watoto huondoka nyumbani. Sisi tuna faida moja ambayo ofisi ya takwimu haina, kwamba kila "kaya" inakuja na tarehe yake kulingana na umbali wake. Tunaweza kupanga sensa ya miaka bilioni 12 iliyopita, ya bilioni 10, ya bilioni 5, na ya juzi, tukalinganisha.

Sasa tuje kwenye kurudi palepale. Tuseme makarani wamegawana kazi vibaya. Wa Kasulu ameuliza umri tu, wa Kibondo kipato tu, wa Uvinza idadi ya watoto tu. Kila mmoja amefanya kazi yake kwa uaminifu. Makao makuu wakiuliza, "wenye kipato kikubwa wana watoto wangapi?" kimya, maana hakuna kaya hata moja iliyojibu maswali mawili. Wamezunguka mkoa mzima na swali la maana limewashinda. Hiyo ndiyo sababu ya wanaastronomia kurudi pale walipoanzia: kaya ileile ijibu dodoso lote.

Na kila aina ya nuru ni swali lake kwenye dodoso. Mionzi ya urujuanimno (ultraviolet) hutolewa zaidi na nyota kubwa zenye moto mkali, ambazo huishi miaka milioni chache tu kisha hulipuka. Ukiiona kwa wingi ujue uzazi unaendelea sasa hivi. Nuru hii tunayoiona kwa macho, pamoja na infraredi iliyo jirani yake, hutuletea nyota ndogo zilizokwisha kuishi mabilioni ya miaka, na kwa hiyo ndiyo mizani ya kupimia uzito wa nyota zote za galaksi. Infraredi ya mbali ni joto la vumbi, hilo nitalirudia. Mawimbi ya redio ya sentimita 21 hutoka kwenye gesi ya haidrojeni, na hiyo ni unga uliobaki ghalani, haujasongwa ugali. Redio za aina nyingine hutoka kwenye mabaki ya nyota zilizolipuka na kwenye michirizi inayorushwa na mashimo meusi, yaani vitu vyenye mvutano mkali kiasi kwamba hata nuru haichomoki. Eksirei hutoka kwenye gesi yenye joto la mamilioni ya digrii, hasa ile inayozunguka shimo jeusi kubwa katikati ya galaksi kabla halijaimeza. Waliozaliwa mwaka huu, watu wazima, akiba ya chakula, makaburi, na jitu lililofungiwa chumba cha ndani: ukijua kimoja tu kati ya hivyo, nyumba hujaijua.

Mfano wa haraka. Kuna galaksi tatu kwenye anga la kaskazini, M81, M82 na NGC 3077. Kwa nuru ya kawaida kila moja imekaa kivyake, katikati giza tupu, utasema hazijuani. Mwaka 1994 ilipotoka ramani ya haidrojeni yao, iliyochorwa kwa mawimbi ya redio, lile giza lilikutwa na mikanda mirefu ya gesi inayoziunganisha zote tatu. Zilipitana karibu zamani, zikang'ang'aniana, na M82 mpaka leo inazaa nyota kwa fujo kwa sababu ya patashika hiyo. Picha ya kawaida inakuonyesha matokeo, ila sababu yenyewe inaonekana kwa redio.

Utaniuliza kwa nini isijengwe darubini moja ya kuona yote. Haiwezekani. Eksirei hupenya au kufyonzwa kwenye kioo kikitazamana nayo, na inakubali kudunda tu ikigusa kioo kwa kuparaza, kama kijiwe bapa unachokirusha kikarukaruka juu ya ziwa. Darubini ya infraredi ya mbali lazima igandishwe, la sivyo joto lake yenyewe litaipofusha. Herschel, yenye kioo cha mita 3.5, ilirushwa Mei 2009 na kubeba heliamu ya kimiminika ya kuipoza. Heliamu ilipokwisha Aprili 2013, kazi ikaishia hapo. Redio nayo inataka masahani makubwa yaliyotawanywa kilomita nyingi. Na juu ya yote hayo kuna hewa, ambayo inazuia eksirei yote isitufikie. Ni heri yetu kiafya, lakini maana yake lazima utoke nje ya hewa.

Hapa niseme kitu ambacho huwakumbusha wenzangu kwenye mikutano hata wasipouliza. Setilaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka pwani yetu hii ya Afrika Mashariki, kwenye jukwaa la San Marco lililosimamishwa baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Siku hiyo Kenya ilikuwa inasherehekea uhuru wake, na mkuu wa mradi, Mmarekani Marjorie Townsend, akaipa jina la Uhuru. Ilizunguka ikapekua anga zima na orodha yake ya mwisho ikawa na vyanzo 339. Neno la Kiswahili lilikuwa juu huko likihesabu vyanzo vya eksirei wakati mimi sijazaliwa.

Sasa nikupe kisa kimoja kwa kirefu, maana kwangu ndicho kinachobeba jibu lote.

Desemba 1995, Robert Williams, aliyekuwa mkurugenzi wa taasisi inayoendesha Hubble, alichukua muda wa darubini uliokuwa kwenye mamlaka yake na kuuelekeza mahali ambapo palionekana hapana kitu, kwenye kundi la nyota la Dubu Mkubwa. Siku kumi mfululizo, picha 342. Wapo wenzake waliomwonya kwamba anaweza kuishia na picha ya giza. Eneo lenyewe lilikuwa dogo mno: chukua punje moja ya chumvi ya Uvinza, ishike kwenye ncha ya kidole, nyoosha mkono. Hilo ndilo eneo. Ndani yake zikatokea galaksi kama 3,000. Picha ikatolewa kwa kila mtu bila kungoja, na watu wakaanza kuhesabu: galaksi za zamani zilizaa nyota kiasi gani, za karibu kiasi gani. Walihesabu kwa nuru waliyokuwa nayo.

Niache hapo kidogo nikupeleke Ujiji, kwa bibi yangu. Jiko lake la mkaa usiku hakulizima. Alikuwa anayafukia makaa kwa majivu mpaka jiko likawa la kijivu tupu, utadhani limekufa tangu jana. Asubuhi anayafukua na chai inachemka. Nikiwa na miaka sita hivi nililikalia karibu nikiwa na uhakika halina moto, nikapitisha kiganja juu yake, nikakitoa mbio. Macho yaliniambia baridi, kiganja kikaniambia moto. Kiganja ndicho kilichokuwa sahihi, kwa sababu ngozi yako, mdogo wangu, ni darubini ya infraredi. Mbaya, lakini ni darubini.

Mwaka 1998 walielekeza kifaa kiitwacho SCUBA, kilichokuwa kwenye darubini ya James Clerk Maxwell kileleni Mauna Kea, Hawaii, kwenye punje ileile ya chumvi. Kifaa hicho kilipokea mawimbi ya karibu milimita moja, yaani joto la vumbi la mbali sana. Kilichowaka kuliko vyote kikaitwa HDF850.1. Wakarudi kwenye picha ya Hubble, ile yenye galaksi 3,000, kumtafuta ni nani kati ya hao. Hayumo. Kitu kilichokuwa king'avu kuliko vyote kwa joto hakikuwa na hata doa kwenye picha iliyochimba anga kwa kina kuliko zote za wakati ule. Jiko la bibi lile: majivu juu, moto chini. Vumbi lilikuwa limemeza nuru yote ya nyota na kuirudisha kama joto.

Ilichukua miaka 14 kujua ni nini. Mwaka 2012, kwa kutumia darubini za mawimbi ya milimita zilizounganishwa pamoja, hasa zile za milima ya Alps nchini Ufaransa, walipata alama ya kaboni. Alama hiyo ikitoka kwenye gesi huwa na urefu wa mikromita 158. Hii ilifika ikiwa karibu milimita moja, yaani imevutika mara 6 na ushei, kwa sababu anga lenyewe limetanuka kiasi hicho tangu nuru ianze safari. Ukipiga hesabu unapata kwamba nuru hiyo iliondoka wakati ulimwengu una miaka bilioni 1.1 tu, na leo una 13.8. Galaksi hiyo changa ilikuwa inatengeneza nyota zenye uzito wa majua 850 kila mwaka. Hii yetu, Njia Nyeupe, inatengeneza jua moja au mawili. Mtoto wa chekechea anayekula gunia zima kwa siku, na sensa ya Hubble haikumwandika kabisa.

Aliyekuwa na picha ya 1995 peke yake alikuwa amehesabu uzazi wa nyota pungufu, na hakuwa na njia ya kujua kwamba ni pungufu. Leo tunajua kwamba takribani nusu ya nuru yote iliyotolewa na nyota tangu mwanzo imemezwa na vumbi na kurudishwa kama infraredi. Nusu! Kama SCUBA wangekwenda kipande kingine cha anga wangepata joto lao, wakaandika ripoti yao, na pasingekuwa na mtu wa kushtuka, kwa sababu huwezi kusema "hayumo kwenye picha" kama picha huna.

Huko kuvutika kwa nuru kunaleta sababu nyingine ya kuhitaji darubini nyingi, na hii hata wanafunzi wangu hucheleweshwa nayo. Tuseme unataka kulinganisha uzazi wa nyota wa leo na wa zamani, kwa urujuanimno. Kwenye galaksi za karibu unatumia darubini ya urujuanimno, mfano GALEX iliyorushwa 2003. Lakini urujuanimno wa galaksi ya miaka bilioni 10 iliyopita unafika kwetu ukiwa umevutika na kuwa nuru ya kawaida, na wa galaksi za mwanzo kabisa unafika ukiwa infraredi. Yaani ili uulize swali lilelile kwa mtoto na kwa mzee, lazima ubadilishe darubini. Ukiwauliza wote kwa darubini moja utakuwa umemuuliza mmoja umri na mwingine kipato bila kujijua. James Webb imejengwa kwa infraredi hasa kwa sababu hiyo.

Sasa upande wa pili wa swali lako, kwa nini wasihamie. Jibu la kweli ni kwamba wanahama pia. Kazi hizi zina namna mbili, na wewe mvuvi utaielewa haraka kuliko mwanafunzi wa chuo. Unaweza kupita ziwa lote na nyavu za juujuu, ukapata picha ya ziwa zima lakini wakubwa tu. Au unatia nanga mahali pamoja usiku kucha, unashusha kina, unapata mpaka wadogo. Miradi kama Sloan, iliyoanza mwaka 2000 na darubini ya mita 2.5 huko New Mexico, Marekani, ni ya kupita ziwa. Mradi wa GAMA, uliotumia darubini ya Australia kupima umbali wa galaksi karibu 300,000 kisha ukakusanya picha zake kwenye rangi 21 kuanzia urujuanimno hadi infraredi ya mbali, uko katikati. Punje ya chumvi ya Williams ni ya kutia nanga.

Kutia nanga kuna hatari unayoijua mwenyewe. Dagaa hawakai sawasawa ziwani, wanakwenda kwa makundi. Ukishusha wavu mara moja ukakutana na kundi utatangaza Kibirizi kwamba ziwa limejaa. Mwenzako aliyekosa atasema limekufa. Galaksi nazo zinakaa kwa makundi, na punje moja ya chumvi inaweza kukudanganya vivyo hivyo. Ndiyo maana ukazaliwa mradi wa COSMOS, ulioongozwa na Nick Scoville: eneo la nyuzi mraba mbili, kama miezi mipevu kumi ikibananishwa pamoja, pana vya kutosha kuwa na makundi na nafasi zilizo wazi. Hubble walilipiga picha lote karibu, kisha wakaja kina Chandra na XMM kwa eksirei, GALEX kwa urujuanimno, Spitzer na Herschel kwa infraredi, darubini za redio, na kutoka ardhini Subaru ya Hawaii na nyingine nyingi, mpaka kila galaksi ikawa imepigwa kwenye rangi zaidi ya thelathini. Orodha iliyotolewa 2022 ina vitu milioni 1.7. Mahali penyewe palichaguliwa kwa ujanja: pako karibu kabisa na ikweta ya anga, ili darubini za Chile na za Hawaii zote zipaone, na hapana nyota kali wala vumbi jingi la Njia Nyeupe la kuziba njia. Vipande kama hivyo si vingi. Hilo nalo linawazuia kuhamahama.

Kazi inayotutoa jasho, ambayo magazeti hayaiandiki, ni ya kulinganisha picha. Hubble hutenganisha vitu vilivyo karibu sana, sehemu ya kumi ya sekunde ya tao (kipimo cha pembe: nyuzi moja ina sekunde 3,600). Herschel kwenye mawimbi yake marefu zaidi haioni chini ya sekunde 36. Doa moja la Herschel linaweza kufunika galaksi nyingi za Hubble, na lazima uamue joto lile ni la nani. Wakati najifunza kazi hii nilikuwa na chanzo kimoja cha redio kilichoangukia pembeni mwa galaksi nzuri, kubwa, yenye mikono ya kujizungusha. Nikampa yeye. Nikaandika kurasa kadhaa kuhusu galaksi tulivu yenye shimo jeusi lenye hasira. Baada ya miezi mitatu mzee mmoja wa ofisini kwetu akaniomba picha ya infraredi ya mahali pale, akaikuza kwenye kompyuta, akaniwekea ncha ya kalamu kwenye kijidoa cha kijivu nyuma kidogo ya mkono wa ile galaksi. Hakusema neno. Redio ilikuwa ya kijidoa, kilichokuwa mbali mara nyingi zaidi, na galaksi yangu nzuri haikuwa na kosa lolote. HDF850.1 pia ilijificha hivyohivyo, jirani na galaksi nyingine iliyo mbele yake.

Basi kwa dodoso lililojazwa hivi tumejua nini? Uzazi wa nyota ulipanda tangu mwanzo, ukafika kileleni kama miaka bilioni 10 iliyopita, na tangu hapo umekuwa ukishuka. Leo uko karibu sehemu moja ya kumi ya wakati ule. Mashimo meusi makubwa nayo yalinenepa zaidi kwenye kipindi hichohicho, na hilo linatokana na eksirei. Chandra imekaa sekunde milioni 7, zaidi ya siku 80 ukizijumlisha, ikitazama kipande kimoja kwenye kundi la nyota la Fornax, ikapata vyanzo elfu moja hivi, vingi vyake mashimo meusi yanayokula. Galaksi kubwa ndizo zilizomaliza uzazi mapema na zimebaki nyekundu, za wazee watupu. Ndogo zinaendelea polepole. Kwa nini kubwa ziliacha? Mimi niko upande wa wanaosema shimo jeusi lina mkono: likila sana linapuliza gesi nje au kuipasha moto isiweze kuganda kuwa nyota, yaani unga upo lakini jitu la chumba cha ndani limekaa mlangoni mwa ghala. Wapo wanaotoa uzito zaidi kwa mazingira, galaksi kunyang'anywa gesi ikiingia kwenye kundi lenye msongamano. Nadhani yote yanatokea, ugomvi ni wa viwango.

Na kipande hichohicho cha Fornax ndicho James Webb ilipopata galaksi iitwayo JADES-GS-z14-0, iliyotangazwa 2024, ambayo tunaiona jinsi ilivyokuwa ulimwengu ukiwa na miaka milioni 300 hivi. Mwaka uliofuata darubini za ALMA za Chile zikakuta ina oksijeni tayari, yaani kuna nyota zilizokwisha kuzaliwa na kufa ndani yake. Webb imeleta pia fumbo la vidoa vidogo vyekundu, vingi, vya ulimwengu mchanga. Vinafanana na mashimo meusi yanayokua. Lakini kwa sababu vingine viko kwenye eneo ambalo Chandra ilikuwa imeshakesha nalo, tuliweza kuuliza papo hapo: eksirei zake ziko wapi? Karibu vyote, hakuna kitu. Hatujaelewana bado. Aliyekesha na Chandra hakuwa amevisikia vidoa hivyo, na kazi yake ndiyo inayotuzuia leo kujibu kwa haraka haraka.

Upande wetu wa dunia haukukaa nyuma. MeerKAT, masahani 64 kwenye jangwa la Karoo, Afrika Kusini, ilizinduliwa 2018 na mojawapo ya kazi zake, iitwayo MIGHTEE, inaitazama COSMOS na Fornax kwa redio. Itaingizwa ndani ya SKA, mradi wa kimataifa wa darubini kubwa za redio, ambao nchi nane nyingine za Afrika ni washirika, wakiwemo jirani zetu Kenya, Zambia na Msumbiji. Tanzania haimo kwenye hizo nane. Nimelisema, nimepumua, tuendelee. Huko Chile darubini ya Vera Rubin, yenye kioo cha mita 8.4, ilitoa picha zake za kwanza Juni 2025, na kati ya maeneo machache itakayoyarudia mara nyingi zaidi kwa miaka kumi, yamo haya mawili. Ukiwa na bando, picha nyingi za miradi hii ni za bure kwa yeyote. Mwaka 2007 mwalimu wa shule wa Uholanzi, Hanny van Arkel, alikuwa anapekua picha za Sloan mtandaoni akaona wingu la ajabu karibu na galaksi moja. Likaja kujulikana kuwa ni gesi iliyomulikwa na shimo jeusi ambalo limeshafifia.

Ya COSMOS unaweza kuitafuta ukiwa majini. Mwisho wa Aprili, mvua zikianza kukatika, mkiwa kwenye giza na mbalamwezi hakuna, subiri saa mbili na nusu usiku. Elekea kaskazini, inua kichwa mpaka karibu na utosi, utaona nyota nyeupe yenye ubuluu iitwayo Regulus, kwenye kundi la Simba. Kunja ngumi, nyoosha mkono, pima ngumi moja kutoka Regulus kurudi utosini kwako. Ni hapo, panapoonekana hapana kitu. Kidole gumba kwenye mkono ulionyooka kinalifunika eneo lote, na nyuma ya ukucha wako ziko galaksi zaidi ya milioni moja zilizokwisha kuandikwa. Ila zimeni taa kwanza, robo saa nzima, macho yazoee. Kaka zako wakinung'unika waambie dagaa watarudi.